UZI: Tamthilia zilizopotea enzi za Shakespeare zinavyosakwa kwenye makaratasi ya takataka

Mjalidi

Wakuu salaam. Mimi kazi yangu ni kujalidi vitabu. Naletewa daftari kuukuu limeachia uti, nalifumua, nalishona upya. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mahali nisipopataja, nilipewa leja ya hesabu za duka la zamani. Chini ya kitambaa cha jalada mlikuwa na karatasi nne au tano zimegandishwa kwa gundi ya ngano ili jalada likaze. Zilikuwa na mwandiko wa mkono, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, mistari imekatwa katikati kama utenzi. Nikazibandua, nikazikunja, nikazitupa kwenye ndoo pamoja na nyuzi zilizooza. Mkubwa wangu akaja, akalisifu jalada jipya.

Nilichokifanya siku ile nilikielewa miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za watafiti wanaosaka tamthilia za Kiingereza zilizopotea. Tangu hapo ugonjwa haujanitoka. Leo nimeamua niwashushie.

Kwanza ukubwa wa msiba. Chukua miaka ya 1567, ulipojengwa ukumbi wa Red Lion nje kidogo ya London, hadi 1642, Bunge lilipofunga kumbi zote. Watafiti wanakadiria kwamba tamthilia zilizoandikiwa kumbi za kulipia katika kipindi hicho zinafika hadi 3,000. Zilizobaki mkononi ni 543. Nyingine mia saba na ushee tunazijua kwa jina au kwa fununu tu. Zilizosalia hazina hata jina.

Zilipoteaje? Mtunzi akishauza tamthilia yake, mswada ni mali ya kampuni ya waigizaji. Nakala ni moja au mbili, kuchapwa ni bahati, na kumbi zenyewe ni za mbao. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1621 ukumbi wa Fortune uliteketea kwa saa mbili tu, ukaondoka na mavazi na miswada yote ya kampuni. Na moto si adui mkubwa kuliko wote. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara na ilikuwa ghali, kwa hiyo iliyoandikwa haikutupwa. Ilifungia vitu, ilikaza majalada, ilishuka jikoni. Kama umewahi kununua karanga za mia mbili zikaja kwenye karatasi ya mtihani wa hisabati wa mtoto wa mtu, basi umeshaelewa.

Natiririka, msiniharakishe.

Kipanga mweusi

Nimeweka kambi. Ila mkuu, kama tamthilia imepotea unaitafiti vipi? Si ni sawa na kumpima homa marehemu?

Mjalidi

Mkuu Kipanga, marehemu huacha madeni. Anza na madeni.

Kulikuwa na bwana mmoja, Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose kusini ya mto Thames, uliojengwa 1587. Mfanyabiashara hasa: alikopesha, aliweka rehani, alikodisha nyumba. Daftari lake la hesabu lipo hadi leo katika chuo cha Dulwich, kilichoanzishwa na mwigizaji Edward Alleyn, mume wa binti wa kambo wa Henslowe. Kinachonifurahisha kama mjalidi ni kwamba hata hilo daftari ni la mtumba. Ndugu yake John aliliandikia kwanza hesabu za machimbo na tanuri za chuma kati ya 1576 na 1581. Henslowe akaligeuza juu chini, akaanza kuandika kutokea nyuma.

Kuanzia 1592 anaandika: leo wameigiza tamthilia fulani, nimepata kiasi fulani. Tarehe 3 Machi mwaka huo kuna mstari wa "harey the vj", na pato ni paundi 3, shilingi 16 na peni 8. Tahajia yake ni balaa tupu. Kando ya baadhi ya majina ameweka herufi mbili, "ne", na wasomi wamezigombania zaidi ya karne. Wengi wanasema ni "mpya". Wengine wanasema ni mpya au iliyopata kibali upya. Mmoja alidai ni kifupi cha Newington, ulikokuwa ukumbi mwingine. Herufi mbili tu!

Daftari hilo linataja tamthilia zinazokaribia 300, na nyingi sana kati yake hazipo tena. Utakuta mtunzi kakopeshwa shilingi kadhaa kwa tamthilia ambayo hajaimaliza, wiki mbili baadaye kaongezwa, kisha kampuni imenunua kitambaa cha vazi. Kutokana na madeni hayo unajua nani aliandika na nani, kwa muda gani, kwa bei gani (paundi 6 hivi kwa tamthilia moja ndiyo ilikuwa bei ya kawaida). Maneno ya jukwaani huyapati. Unapata jasho la nyuma ya pazia.

Halafu kuna orodha ya vifaa vya jukwaani ya Machi 1598. Hii naipenda kuliko zote. Mdomo wa jehanamu mmoja. Kaburi moja. Vichwa vitatu vya mbwa Cerberus. Hatamu ya tamthilia ya Tamburlaine. Joho la kuvaa mtu asionekane (fikiria mtu kavaa joho, watazamaji mnakubaliana hamumuoni). Na viungo vya Phaeton pamoja na gari lake. Phaeton ni tamthilia ya Thomas Dekker ya 1598 na haupo hata mstari wake mmoja. Lakini kijana wa kwenye hekaya anaomba kuendesha gari la jua, linamshinda, anaanguka. Ukisoma "viungo vya Phaeton" unajua jukwaani kilidondoka kitu. Hawakuishia kusimulia anguko, walilionyesha, na mikono na miguu ya bandia ikarudishwa stoo hadi onyesho la kesho.

Na orodha yenyewe pia imepotea! Tunaijua kwa sababu msomi Edmond Malone aliinakili akaichapa mwaka 1790.

Binti Pangani

Kaka Mjalidi nimecheka hapo kwa Phaeton. Kwa hiyo ushahidi ni mguu wa bandia.

Mjalidi

Dada yangu, ushahidi ni mstari wa stoo unaotaja mguu wa bandia, ulionakiliwa na mtu mwingine miaka 192 baadaye. Ndiyo maana watu wa fani hii hawaulizi tu karatasi inasema nini. Wanauliza imefikaje hapa, na ilikuwa kazi gani kabla haijawa ushahidi.

Mfano mzuri ni kitu walichokiita "plot". Ni karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye ubao mwembamba, juu ina tundu la kuning'inizia kwenye msumari nyuma ya jukwaa. Imeandikwa nani anaingia lini, na nani anachukua nafasi ya nani. Hotuba hakuna. Iko moja ya tamthilia iliyopotea, sehemu ya pili ya The Seven Deadly Sins, yaani Dhambi Saba za Mauti. Inaanza hivi: hema limewekwa jukwaani, mfalme Henry VI amelala ndani. Kisha dhambi zinaingia. Wivu unaleta kisa cha mfalme Gorboduc, Uvivu kisa cha Sardanapalus, Uzinzi kisa cha Tereus. Majina ya waigizaji yamo, akiwemo Richard Burbage, yule ambaye baadaye ndiye aliyekuwa Hamlet.

Imeponaje? Mtu aliichukua akaifanya jalada la mswada wa tamthilia nyingine kabisa, The Tell-Tale. Yaani kilichoiokoa ni mjalidi mwenzangu aliyekuwa hana adabu kama mimi.

Na kwa majina hayo tu umezuka ugomvi mzito. Kwa miaka mingi iliaminika ni ya mwaka 1590 au 1591 hivi, ya kampuni ya Lord Strange. Mwaka 2004 mtafiti David Kathman akafuatilia maisha ya waigizaji waliotajwa, wakiwemo vijana waliocheza nafasi za kike, wakiwa wanafunzi chini ya mabwana zao. Akasema hapana, umri wa vijana hawa unakwenda na 1597 au 1598, na kampuni ni ya Lord Chamberlain, yaani ya Shakespeare mwenyewe. Wapo wasiokubali mpaka leo. Mimi niko na Kathman. Umri wa mtoto haudanganyi kama inavyodanganya ladha ya msomi.

Mzee wa Hoja

Hii yote nimeifuata, lakini ile habari ya mpishi aliyechoma tamthilia hamsini mbona hujaigusa? Ndiyo maarufu kuliko zote.

Mjalidi

Nilikuwa naikwepa makusudi mzee wangu, maana nusu yake ni chai.

Kisa ni hivi. John Warburton, mkusanyaji aliyefariki 1759, aliacha orodha ya tamthilia zaidi ya 50 za mswada, na chini yake maelezo kwamba kwa uzembe wake mwenyewe na ujinga wa mtumishi wake zilichomwa, au zilitandikwa chini ya mikate ya nyama ikiokwa. Mtumishi anajulikana kama Betsy. Zilizopona ni tatu na kipande cha nyingine, na zimo katika juzuu moja la British Library. Kwa zaidi ya karne nzima Betsy akawa shetani wa fasihi ya Kiingereza.

Mwaka 1911 msomi W. W. Greg akaipima ile orodha. Akaona majina mengi mno yanafanana na yale ambayo mchapishaji Humphrey Moseley alikuwa ameyasajili miaka ya 1653 na 1660. Hoja yake: huenda Warburton hakuwa na miswada hiyo yote, sehemu ya orodha ni ya vitu alivyotamani kuvipata. Wapo waliomjibu Greg kwamba amezidisha. Lakini tazama jinsi lawama ilivyokaa kwenye mabega ya mwanamke wa jikoni asiyeacha neno lake hata moja, wakati mwenye miswada mwenyewe aliandika kwamba uzembe ni wake.

Kipanga mweusi

Kwa hiyo Betsy tumuombe radhi.

Mjalidi

Tumuombe. Mimi mwenyewe nimefanya kama alivyofanya yeye, tena bila njaa ya mtu.

wakili_wa_shamba

Mkuu umesema anza na madeni. Vipi kesi? Sisi tunajua mtu akishitakiwa ndipo maisha yake yanapoandikwa vizuri.

Mjalidi

Learned brother umenipeleka pale pale nilipotaka. Kaa, hii ni ndefu.

Mwaka 1624 London kulikuwa na mjane mwenye mali, Anne Elsdon, umri wake miaka sitini na kidogo. Kijana mmoja tapeli, Tobias Audley, akamvizia na wenzake. Wakamnywesha siku kadhaa mfululizo bila kumwacha alale wala apate akili yake, katikati ya ulevi huo wakamfungisha ndoa, wakabeba vitu vyake. Kabla kesi haijapoa, watunzi wanne, Dekker, William Rowley, John Ford na John Webster, wakaunganisha kisa hicho na kingine cha kijana wa Whitechapel, Nathaniel Tindall, aliyemuua mama yake mzazi. Ikatoka tamthilia moja, ikaigizwa ukumbi wa Red Bull mwaka huo huo. Sehemu ya jina lake ni Keep the Widow Waking, tuseme Mjane Asilale. Mauaji upande mmoja, vichekesho upande wa pili, na aliyechekwa ni mama wa watu aliyekuwa hai, mtaa ule ule.

Mkwe wa mjane akaenda mahakama ya Star Chamber. Hapo ndipo serikali ilipotufanyia kazi bila kujua. Dekker aliitwa kutoa maelezo, akasema aliandika karatasi mbili kubwa zenye kitendo cha kwanza, na pia hotuba ya yule kijana aliyemuua mama yake, katika onyesho la mwisho la kitendo cha mwisho. Hebu isome tena. Mtunzi anaieleza mahakama, kwa kipimo cha karatasi, sehemu yake katika tamthilia ya watu wanne. Sijui ushahidi mwingine mtamu kama huo. Wimbo uliokuwa ukiuzwa mitaani juu ya kisa hicho nao ukaingia kwenye jalada la kesi.

Karatasi hizo zilikaa kwenye kumbukumbu za serikali karne tatu. Msomi Charles Sisson ndiye aliyezifungua, akachapa matokeo katika kitabu cha 1936 kuhusu tamthilia zilizopotea. Tamthilia yenyewe hatunayo, lakini tunajua visa vyake, watunzi wake, ukumbi wake, na mwanamke aliyeumizwa nayo. Zipo tamthilia kamili ambazo hatujui nusu ya hayo.

Naongeza moja ya haraka: Audley alifia gerezani Newgate.

wakili_wa_shamba

Dah. Mjane alishinda kesi?

Mjalidi

Sisson anafuatilia kesi vizuri kuliko nitakavyoweza hapa, sitaki kukupa hukumu ya kubuni. Fani hii imeshateseka na wabunifu, na hilo ndilo nililotaka kuligusa.

Karne ya 19 kulikuwa na John Payne Collier, msomi wa kweli, aliyesoma nyaraka nyingi kuliko wenzake wote. Ndiye aliyehariri daftari la Henslowe likachapwa 1845. Tatizo lake, palipokuwa na pengo alilijaza. Kwenye nyaraka halisi za Dulwich yamo maneno ya kughushi ambayo lawama yake imemwangukia yeye. Mwaka 1859 masahihisho ya "karne ya 17" aliyotamba nayo kwenye nakala ya zamani ya kitabu cha tamthilia za Shakespeare yakathibitika kuwa ya kughushi, na chini ya baadhi ya wino palionekana alama za penseli za kisasa.

Hasara ya Collier haikuishia kwenye uongo wake. Hata alichosema kweli kikaoza. Daktari mnajimu Simon Forman aliandika kwamba tarehe 30 Aprili 1611 alikwenda ukumbi wa Globe akaangalia tamthilia ya Richard II. Ukisoma anachosimulia, uasi wa Jack Straw na mengineyo, si ile ya Shakespeare. Ni nyingine, imepotea, na Forman ndiye shahidi wake. Lakini kwa kuwa Collier ndiye aliyeitoa hadharani, waliokuja baadaye walipoteza miaka mingi wakijiuliza kama Forman naye ni wa kughushi. Ikaonekana ni halisi.

Mzee wa Hoja

Na Cardenio, ile tamthilia ya Shakespeare iliyopotea? Watu wa mitandaoni kila mwaka wanasema imepatikana.

Mjalidi

Haijapatikana. Kampuni ya mfalme ililipwa kwa kuiigiza mwaka 1613, Moseley akaisajili 1653 kwa majina ya mtunzi John Fletcher na Shakespeare, na mwaka 1727 mhariri Lewis Theobald akatoa tamthilia ya Double Falsehood akidai ameirekebisha kutoka kwenye miswada aliyonayo. Miswada hiyo hakuna anayeionyesha. Wengi siku hizi wanakubali kwamba chini ya rangi ya Theobald kuna ukuta wa zamani. Mimi Cardenio inanichosha, ina jina kubwa kuliko ushahidi wake.

Kinachoninyima usingizi ni Love's Labour's Won. Mwandishi Francis Meres aliitaja 1598 miongoni mwa tamthilia za Shakespeare. Wengi wakasema ni jina lingine la tamthilia tuliyonayo, labda ile ya mwanamke mkaidi anayefugwa, The Taming of the Shrew. Mwaka 1953 yakapatikana makaratasi mawili ndani ya jalada la kitabu cha mahubiri, yamewekwa kukaza uti. Ni hesabu za muuza vitabu za Agosti 1603. Mstari kwa mstari: "marchant of vennis", "taming of a shrew", "loves labor lost", "loves labor won". Zote nne, zimefuatana. Kwa hiyo si mwanamke mkaidi, huyo yupo kwenye orodha kivyake. Na si mswada tu, kilikuwa kitabu kilichochapwa, kinauzwa dukani. Nakala zote zimekwenda wapi?

Mjalidi wa karne ya 17 alizisukuma karatasi zile ndani kwa kidole gumba bila kuzitazama. Nakijua kidole hicho.

Binti Pangani

Kaka naomba niulize la kwetu, samahani kama natoka nje ya mada. Nyumbani kwa bibi kuna kitabu cha dua cha zamani, marehemu babu alikirithi. Jalada limeachia pembeni na ndani naona karatasi nyingine yenye maandishi, si ya kitabu kile. Nifanyeje?

Mjalidi

Hujatoka nje ya mada kabisa, dada. Sikiliza.

Usiibandue. Usitie maji, usitie gundi ya dukani, usiweke selotepu hata kipande. Piga picha kitabu kizima kwanza, nje, pande zote, kabla ya kupiga ile karatasi. Halafu lipige jalada lilivyoachia, ionekane karatasi imekaa upande gani na imekunjwa vipi. Muulize bibi kitabu kilitoka kwa nani na kiliwahi kutengenezwa wapi, andika majibu kwa maneno yake, weka tarehe. Siku karatasi ikitolewa na mtu mwenye ujuzi, hayo ndiyo yatakayoipa thamani. Mwaka 1986 ulipelekwa mnadani London mswada wa kurasa nne wa tamthilia uliopatikana Melbourne Hall, Derbyshire, umefungia nyaraka za Sir John Coke, waziri wa mfalme Charles I. Hauna jina la mtunzi, wamegawanyika kati ya Webster na James Shirley. Lakini kwa kuwa inajulikana ulifungia makaratasi ya nani, kuna pa kuanzia kuuweka mahali pake na wakati wake. Ungetolewa ukatupwa kwenye boksi peke yake, ungekuwa yatima.

Binti Pangani

Ahsante sana kaka. Ila jana nilishaivuta kidogo kwa ncha ya kisu, imetoka kama vidole viwili hivi.

Mjalidi

Acha hapo hapo dada. Usiirudishe ndani, usiivute tena. Weka karatasi safi juu yake, ufunge kitabu taratibu, ukilaze. Halafu niambie: hayo maneno yaliyojitokeza kwenye hivyo vidole viwili, yanasomeka?

Binti Pangani

Yanasomeka. Inaonekana ni hesabu ya nazi.

Mjalidi

Hesabu ya nazi! Piga picha, usikate hata nukta.